Swali la yule mama

Tangu Jumanne swali la yule mama halijanitoka. Nilimwonyesha kwenye skrini kifuko laini, cha manjano kidogo, katikati kabisa ya koo la juu, nyuma ya pua, mahali ambapo tochi ya mdomoni haifiki kwa sababu kaakaa laini limepafunika. Akaishusha leso aliyozibia mdomo, akauliza, "Daktari, kwani ni haka ndiko kamenifanya niongee na watu nikiwa mbali miaka hii yote?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Basi.

Alistahili maelezo. Kifuko kile huitwa kisti cha Tornwaldt, jina la daktari Mjerumani aliyekieleza mwaka 1885, na wengi walio nacho hakiwasumbui. Mimba ikiwa changa, notokodi, kijiti laini ambacho uti wa mgongo hujengwa kukizunguka, hugusana na ukuta wa koo, na pale panaweza kubaki kijifuko. Mdomo wa kijifuko ukiziba, ute hujaa ndani. Ukifunguka, uchafu unaonuka huteremka kooni. Ndipo harufu, kisogo kuuma, masikio kuziba. Kusukutua hakufiki huko.

Ila sikumtoboa siku hiyo, na hilo silijutii. MRI kwanza, kipimo cha picha kwa sumaku: kisti kwa kawaida hung'aa kwenye picha za aina ya T2, na kwenye zile za T1 pia ute ukiwa na protini nyingi. CT nayo, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, ithibitishe mfupa wa sakafu ya fuvu hauna tundu. Ukiwa nalo, huenda ni utando wa ubongo uliochomoza, na sindano itavujisha maji ya ubongo.

Wiki hii tumehamia jengo jipya na dada yangu amejifungua, lakini nitakayoikumbuka ni Alhamisi. Nusukaputi, endoskopu (kamera nyembamba) puani, kaakaa likavutwa mbele kwa katheta, mrija laini. Kufyonza maji pekee ni kazi bure, kitajaa tena. Ukuta wote wa mbele uliondolewa ili kibaki wazi, kipande kikaenda maabara. Kwa nyuma usichimbe, kuna misuli ya shingo. Pembeni usikaribie mdomo wa mrija wa sikio, kovu litauziba, na kando zaidi kuna karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani.

Jana nilimkuta amemwinamia nesi, leso iko begani, anamnong'oneza sikioni. Magamba ya damu bado yapo, atasafisha pua kwa maji ya chumvi. Lakini alikuwa ananong'ona! Nilisimama mlangoni, sikutaka kuwakatiza.