Bomba Dogo Lililo Mbele ya Rejeta

Kwa karibu miezi miwili nilikuwa nikiongeza mafuta ya usukani kila Jumamosi, nikiamini kwamba pikapu iliyotengenezwa mwaka 1996 haikosi mahali pa kuvuja. Pikapu hiyo hubeba kabeji kutoka Limuru hadi soko la Wakulima jijini Nairobi, ambalo sisi huliita Marikiti, na ni hapo sokoni, alfajiri moja, nilipoisikia pampu ya usukani ikilia. Kuingia Marikiti saa hizo ni kuzungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, huku gari likisogea hatua mbili tu kati ya mikokoteni na malori, na hakuna kazi inayoichosha pampu kama hiyo.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alisikiliza mlio huo na kusema papo hapo kwamba pampu imekufa. Sikukubali, kwa sababu pampu hulia pia inapovuta hewa, na huvuta hewa mafuta yanapopungua. Nyumbani niliosha sehemu yote ya mbele, nikaiacha ikauke, nikatandika maboksi chini ya gari, kisha nikamwomba mpwa wangu awashe injini na kuzungusha usukani polepole huku mimi nikimulika kwa tochi. Pampu ilibaki kavu. Tone la kwanza lilitoka mbele ya rejeta, kwenye bomba la chuma lililokunjwa mfano wa herufi U, ambalo hupitisha mafuta yanayorudi kutoka kwenye giaboksi ya usukani ili yapoe kwa upepo kabla ya kurudi kwenye kopo lake. Gari linapokwenda, upepo huohuo huyasukuma mafuta yaliyovuja hadi nyuma, yakapaka rejeta na injini, ndiyo maana kila aliyetazama alishuku kitu kingine.

Nililipeleka gari Grogan, mtaa wa mafundi wa magari, kwa kijana ambaye namwamini kwa kazi ya kuchomelea kwa gesi. Yeye naye alikuwa na pendekezo lake.

"Mzee, hili bomba si la lazima. Tulitoe, tuunganishe mpira moja kwa moja."

Nimeona magari mengi yaliyofanyiwa hivyo, na yanatembea. Hata hivyo, pampu inaposukuma kwa nguvu zote, presha yake inaweza kupita bar 70, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta. Mafuta yaliyochemka huwa mepesi mno, na mipira ya kuzuia uvujaji hukauka na kupasuka. Gari linalosimama na kuondoka kuanzia Kangemi hadi mjini halipati upepo wa kutosha hata likiwa na bomba hilo. Kuliondoa ni kuiuza pampu kwa bei ya bomba. Nilimweleza hivyo, naye akakubali kulitengeneza.

Kutu ilikuwa imelila bomba pale linaposhikwa na kibano, kwa sababu mpira wa kibano ulikuwa umehifadhi matope na maji kwa miaka. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kama ncha ya sindano, lakini alipokwangua, chuma kilicholizunguka kilikuwa chembamba kama karatasi, hivyo kiraka kisingefaa. Tulilisafisha ndani kwa sabuni na maji ya moto, tukalikausha kabisa, maana mafuta yaliyobaki ndani ya bomba ni hatari moto unapoligusa. Alikata kipande cha urefu wa kiganja, akaweka bomba jipya la chuma lenye upana uleule, akaliunga kwa shaba. Upande wa presha kubwa nisingekubali kiungo cha namna hiyo hata kidogo. Upande wa kurudi, ambako presha ni ndogo, kinatosha. Tuliziba ncha moja, tukajaza hewa na kulizamisha ndani ya karai la maji. Halikutoa povu.

Mpira wa kurudisha mafuta ndio ulionisikitisha zaidi. Mtu fulani, kabla yangu, alikuwa amefunga mpira wa maji ya injini, na mafuta yalikuwa yameuvimbisha ukawa laini kama ndizi iliyoiva. Barabara ya Kirinyaga nilikataa mipira miwili kabla muuzaji hajatoa ule wa nitraili, uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta.

Kutoa hewa ndiyo hatua ambayo wengi huiharakisha. Nilipiga jeki hadi magurudumu ya mbele yakaning'inia, nikajaza mafuta mekundu ya ATF, yaani yale ya giaboksi za otomatiki, kama kifuniko kinavyoagiza, kisha, injini ikiwa imezimwa, tukazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara 20 huku tukiongeza mafuta. Tulipowasha, yalitoka povu la rangi ya waridi; tukazima, tukasubiri litulie, tukarudia. Mara ya tatu yalibaki mekundu, na pampu ikanyamaza.

Mafuta machafu niliyatia kwenye mtungi na kuyapeleka gereji inayoyakusanya, kwa kuwa mitaro ya Grogan huishia Mto Nairobi.

Wiki tatu zimepita. Jumamosi iliyopita nilifungua boneti, chupa ya mafuta ikiwa mkononi kama kawaida, nikakuta kiwango kiko palepale kwenye alama, nikairudisha chupa chini ya kiti bila kuifungua.