Shakevale wa Kinangop anakula nini?

Huku Kinangop, nyanda za juu za Kenya, shakevale, ndege mwindaji mkubwa, akipita juu ya boma watu hupiga kelele na kuokota mawe, kwa kuwa kila ndege mkubwa ni mwizi wa vifaranga. Mimi huinua darubini nikatazama miguu yake.

Kinachoning'inia ndicho kinachotoa jibu. Mkia mrefu mwembamba ni wa panya wa shambani. Kifaranga huonekana kwa mabawa yaliyolegea na miguu mitupu. Lakini mara nyingi naona kitu kifupi, kinene, mkia haufiki popote: fuko. Ukipiga picha na kuikuza utaona meno yake ya mbele, ya rangi ya chungwa. Fuko huishi chini ya ardhi, ila akitokeza kusukuma udongo nje, shakevale aliyetulia juu ya nguzo ya stima anamwona.

Ndege akienda kabla sijamtambua mateka wake, naenda chini ya nguzo hiyo. Hapo hudondoka madonge anayotapika, yale ambayo tumbo limeshindwa kuyasaga. Nayalowesha na kuyafumua kwa kijiti, glavu mkononi. Bundi hutema mifupa karibu yote, hata mafuvu, lakini tumbo la shakevale ni kali zaidi, mifupa mingi huyeyuka. Hubaki nywele, kucha, meno, pengine magamba ya mjusi au nyoka. Nywele na meno ya fuko nayajua sasa bila kubahatisha.

Sisemi hachukui kifaranga. Akipata nafasi atachukua. Ila ushahidi utazamwe. Mama mmoja jirani aliniita kuona manyoya ya kuku yaliyotapakaa nyuma ya jikoni, ameshamhukumu shakevale. Nikamwambia, "Mama, hebu tuangalie mashina." Ndege mwindaji hung'oa nyoya likatoka zima hadi nchani. Haya yalikuwa yametafunwa, yamekatika katikati. Hiyo ni kazi ya mnyama mwenye meno, nguchiro au paka, na huyo hazuiwi kwa mawe ya kurusha angani bali kwa banda linalofungwa vizuri usiku.

Mama huyo huyo hulipa vijana wamtegee fuko wanaomaliza viazi vyake. Mitego sina neno nayo. Sumu ndiyo inayoniumiza: panya aliyeila hutembea kwa kulegea, mchana kweupe, na ndiye rahisi kunyakuliwa na shakevale akapelekwa kwa makinda kiotani.