Keki ndogo za ndizi, juu ya makala (makaa)
Umeme umekatika tangu saa kumi, basi leo keki zangu nimeziokea kwenye mbabula, jiko letu la makala. Kamaramasenge (ndizi ndogo tamu) 5 za soko la Kadutu, Bukavu, zile zilizoiva hadi ganda likawa jeusi na mama muuzaji akanipunguzia bei, zimetosha kabisa. Sukari sikutia hata punje. Unga wa ngano vikombe 2, mayai 2, mafuta kidogo, hamira ya unga. Vyombo? Vikopo vitupu vya nyanya! Mchanga ndani ya sufuria kubwa, makala machache juu ya kifuniko. 3 za kwanza ziliungua chini, nikazila mwenyewe kimyakimya. Zingine watoto wataenda nazo masomo kesho badala ya biskuti. Mdogo kaonja, kaniangalia: “Mama, sukari umesahau?”