Usiku wa kufunga kurasa

Gazeti la wanafunzi mara nyingi haliharibiwi na ripota. Linaharibikia mezani, usiku wa kufunga kurasa, habari ikiwa imeshahaririwa vizuri na watu wameanza kuchoka. Kichwa cha habari kinabadilishwa ili kienee kwenye nafasi yake, jina linakosewa kwenye maelezo ya picha, "inaendelea ukurasa wa 5" inabaki palepale ilhali habari imehamia wa 7. Msanifu wa kurasa anastahili heshima ileile anayopewa mwandishi wa ukurasa wa mbele.

Chukua gazeti la kurasa nane za A4. Hizo ni karatasi mbili za A3 zilizokunjwa. Nakala 500 zinakula karatasi 1,000, yaani rimu mbili. Ongeza 50 za kuharibika, maana mashine huvuta mbili kwa pamoja. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Habari ikizidi, ama upunguze, ama utafute matangazo ya kukufikisha kurasa 12.

Wengi hupotea kwenye mpangilio wa kuchapa. Karatasi ya kwanza ina ukurasa wa 8 na wa 1 upande mmoja, 2 na 7 upande wa pili. Karatasi nyingine ina 6 na 3, kisha 4 na 5. Kila jozi ikijumlishwa inaleta tisa. Isipoleta tisa, simamisha kazi. Kunja karatasi mbili tupu, ziandike namba kwa kalamu, uende nazo kwa mchapaji, na umwambie ageuze kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini.

A4 ina upana wa milimita 210. Toa pambizo ya 12 kila upande na nafasi mbili za 5 kati ya safu, unabaki na safu tatu za milimita 58 na ushei. Hapo ndipo Kiswahili kinapogombana na programu. Maneno yetu ni marefu, na programu iliyoachwa kwenye mipangilio ya Kiingereza inaweza kukata "mwanafun-zi" au "chom-bo". Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu: mwa-na-fu-nzi, cho-mbo. Zima ukataji wa maneno, anzisha mistari yote kushoto na uiache kulia ikae ilivyo; ukiilazimisha kujaa pande zote, maneno yataachana kama meno yenye mapengo. Chagueni pia alama moja ya ng', iliyonyooka au iliyopinda. Zikichanganyika, ukitafuta "ng'oa" ili usahihishe unapata nusu tu.

Vichwa vya habari ndivyo vyenye hatari kubwa. "Waliocheleweshewa bumu walalamika" (bumu ni fedha za kujikimu za mwanafunzi) hakienei kwenye safu moja. "Bumu lachelewa" kinaenea, na ukweli haujaguswa. Lakini "Mhasibu atuhumiwa wizi" kikifupishwa kuwa "Mhasibu aiba", tuhuma imegeuka hukumu, na mwandishi wala hayupo chumbani kukipinga kichwa hicho. Anayebadilisha kichwa asome tena habari yote, na mtu wa pili akubali.

Picha ya safu mbili ina upana wa milimita 122, kwa hiyo inahitaji pikseli kama 1,450 ili itoke safi kwa pikseli 300 kwa inchi. Inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa; mpiga picha aitume kama faili.

Prufu, yaani nakala ya kusahihishia kabla ya kuchapa, isomwe kwenye karatasi, kwa kalamu nyekundu, kuanzia nje kwenda ndani: tarehe, namba ya toleo, namba za kurasa, vichwa, maelezo ya picha, viendelezo ("inaendelea ukurasa wa..."), majina. Majina yalinganishwe na daftari la ripota, kwa sababu kosa lililomo kwenye habari litajithibitisha lenyewe. Namba za simu za matangazo zipigwe. Matini yenyewe isomwe mwisho.

Jarida la Cheche, lililotolewa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia Novemba 1969 hadi lilipopigwa marufuku Novemba 1970, lilipigwa taipu kwenye stensili, karatasi ya nta ya kurudufishia. Kwenye stensili utepe wa wino huondolewa ili herufi itoboe. Ukigonga kwa nguvu mno, tumbo la "o" linadondoka. Kosa hupakwa dawa, husubiriwa likauke, hugongwa upya. Siku hizi kusahihisha ni bure, na ndiyo maana mabadiliko hayaishi. Kwa hiyo wekeni saa ya kufunga, tuseme saa nne usiku, na baada yake faili liguswe na mtu mmoja tu. Lipewe jina lenye tarehe na saa, kamwe lisiitwe "mwisho".

Kabla ya nakala 500, chapeni moja. Ikunjeni, mfuate kila kiendelezo kwa kidole, ndipo mruhusu mashine. Nakala tano za kwanza ziende kabatini na maktaba kabla ya kuanza kugawa.