Mama Mwenye Funguo wa Nürnberg

Treni kutoka München ilinishusha Nürnberg, mji wa Ujerumani, asubuhi, manyunyu yakidondoka. Nilivuka mto Pegnitz, nikakatiza soko la Hauptmarkt na kupanda kilima hadi lango la Tiergärtnertor, ilipo nyumba ya Albrecht Dürer, mchoraji na mtengenezaji wa picha za kuchapwa. Aliinunua mwaka 1509, akaishi humo hadi kufa kwake mwaka 1528.

Vyumba nilivipita upesi. Kilichoninasa ni karakana ya kuchapia. Mama mmoja aliyevaa aproni alipaka bamba la shaba wino, akausukumiza uingie kwenye mikwaruzo ya mchoro, kisha akalifuta kwa kitambaa na kumalizia kwa kiganja. Akalaza karatasi yenye unyevu juu yake, akazungusha gurudumu la mtambo. Wino uliojificha kwenye mikwaruzo ndio unaotoa picha, tena ikiwa imegeuka: mkono wa kushoto wa bamba huwa wa kulia kwenye karatasi.

Bamba moja hutoa nakala nyingi, na karatasi si ghali kama picha ya altareni. Ndivyo Bikira Maria na Mwanawe walivyoingia majumbani mwa watu. Agnes, mke wa Dürer, alizipeleka chapa, yaani picha hizo zilizochapwa, za mumewe hadi kwenye maonyesho ya biashara ya Frankfurt. Wawili hao hawakujaliwa mtoto. Fikiria basi: mwanamke huyo akinadi picha za mama aliyempakata mwana!

Nilipotoka nje nilifungua simu nikaitazama chapa ya mwaka 1514, Maria ameketi kando ya ukuta. Ni ndogo, urefu kama sentimita 15 tu. Kiunoni zinaning'inia funguo na mkoba, kama mwenye nyumba yeyote wa mji ule. Bibi yangu zake alizifunga kwenye pindo la kanga. Nyuma ya Maria yapo majengo ya ngome ya Nürnberg. Niliinua macho, na ngome ndiyo hiyo, juu yangu.

Mei mwaka huohuo alifariki Barbara, mama mzazi wa Dürer. Alizaa watoto 18, wakabaki watatu. Miezi miwili kabla, mwanawe alimchora kwa mkaa: mzee aliyekonda, mifupa imemtoka. Sidai kwamba Maria yule ni Barbara, maana huyu ni kijana, na mashavu yamemjaa. Ila aliyemtundikia funguo zile alijua vizuri kazi ya mama nyumbani.