Mkasi wa Shangazi

Jumapili, usiku

Leo Shangazi ameniita mwizi. Mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa haukuonekana, na alipomaliza kupekua droo zote akanikazia macho: "Nirudishie. Nimekulea kwa mikono hii, leo unaniibia?" Nikaanza kujitetea, na hapo ndipo nilipoharibu, maana kadiri nilivyojitetea ndivyo alivyozidi kuamini kwamba ni mimi. Baada ya saa nzima tukaukuta ndani ya foronya yake, umefungwa kwenye fulana. Aliuficha mwenyewe mwizi asiuone, kisha akasahau kwamba ameuficha. Kilichobaki kichwani mwake ni hofu ya mwizi tu, na mtu aliyekuwa karibu ni mimi.

Sasa amelala. Nimetoa daftari nililoanza siku daktari alipotutajia jina la Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Ukurasa wa kwanza nimeandika hatua tatu: mwanzo, kati, mwisho. Chini yake nimenakili ile ngazi ya hatua 7 iliyopangwa na daktari Barry Reisberg na wenzake mwaka 1982. Ya kwanza mtu ni mzima kabisa, ya saba maneno yamekwisha na miguu imegoma. Penye namba 4 nimetia alama nyekundu na tarehe. Penye namba 5 vilevile. Naona haya kuitazama. Nilikuwa namhesabia Shangazi vituo kama abiria anayesubiri kushuka.

Na hicho cha mwanzo chenyewe kilitupita. Fundi aliyeshonea watu maisha yake yote alianza kuandika majina ya wateja kwenye vipande vya karatasi na kuvibana kwa pini kwenye vitambaa. Baadaye akaacha kupokea kazi. "Macho yamechoka," alisema, nasi tukamnunulia miwani. Zamani ningesema alitudanganya. Siku hizi sidhani. Ugonjwa huu mara nyingi humnyima mtu hata uwezo wa kuuona, kwa hiyo huenda naye aliamini kweli ni macho. Kwa daktari aliambiwa achore saa ya ukutani. Akachora duara zuri la kifundi, kisha namba zote 12 akazirundika upande mmoja. Kaka yangu alitoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Kwa kuwa Shangazi ni fundi, sehemu moja ya maelezo ya ugonjwa niliielewa haraka. Ndani ya ubongo kuna hipokampasi, mahali ambapo mambo ya leo hupokelewa kabla ya kuwekwa akiba, nayo huharibika mapema. Ndiyo maana cherehani yake ya kwanza anaikumbuka mpaka rangi, ila chai ya asubuhi hii hajainywa. Kazi ya mikono hutunzwa kwingine, na huko ugonjwa huchelewa kufika.

Nimeona hilo jioni. Jua likizama huwa mwingine kabisa: anazungukazunguka, anataka "kwenda nyumbani" na yuko nyumbani. Nikampa shati langu lenye kifungo kinachoning'inia. Akakata uzi kwa meno, akautunga kwenye sindano mara moja, akapiga fundo kwa kuusokota kwenye kidole cha shahada, akashona matundu manne kwa msalaba. Asubuhi alishindwa kuvaa blauzi yake mwenyewe. Haya, niambieni hiyo ni hatua ya ngapi? Alipomaliza akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nikamjibu, wa kaka yako. "Yule mdogo? Kumbe keshaoa!" Akafurahi. Zamani ningemsahihisha.

Kilichonipoza kuhusu wizi ni habari ya Auguste Deter, aliyefikishwa hospitalini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Ndiye mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer alimwandika, na alipofariki mwaka 1906 akauchunguza ubongo wake kwa darubini, akakuta madoa na nyuzi zilizosokotana. Dalili yake ya kwanza haikuwa kusahau. Ilikuwa wivu: alimshuku mumewe. Kwa hiyo tuhuma za aina hii zina umri sawa na ugonjwa wenyewe, wala hazikuanzia kwangu.

Wanasema hatua ya kati ndiyo ndefu kuliko zote. Tupo humo, na kwa kweli sina haraka ya kutoka. Ile ya mwisho, ya kusahau hata kumeza, chakula kikaenda kwenye njia ya hewa na mapafu yakaugua, nimeisoma mara moja tu nikafunua ukurasa.

Kabla ya kulala ameuomba mkasi. Nimempa, nikijua akisinzia nitauchukua niuweke juu ya kabati. Ameukagua makali kwa kidole gumba, akaufunga tena kwenye fulana, akausukuma ndani ya foronya. Kisha akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Usimwambie yule mwizi," ameninong'oneza.