Yalikwisha, au mulichoka?

Wiki hii Salma kaolewa, na barua yangu ya uhamisho wa Chake Chake imetoka, lakini linalonizunguka kichwani ni neno la Nassor.

Tulikuwa jikoni, mimi nakuna nazi, yeye kakaa kizingitini na simu yake. "Khalati, bahari yote hii ina umeme ndani yake. Fusheni baridi: viini vya atomu kuungana na kutoa nishati bila ya joto kali kama la jua." Nikamwambia hayo yalikwisha tangu 1989, huko Utah, Marekani. Akaninyanyulia macho: "Yalikwisha, au mulichoka?"

Mulichoka! Na mimi ndiye niliyemfundisha atomu kabla hajajua kufunga kikoi.

Nilimjibu pale pale. Fleischmann na Pons, wanakemia wawili, waliwaita waandishi wa habari, wakatangaza kuwa wamepitisha umeme kwenye maji mazito, yaliyojaa deuteriamu, yaani hidrojeni nzito, kwa kijiti cha madini ya paladiamu, na joto lililotoka limezidi umeme ulioingia. Maabara nyingine zikajaribu, nyingi zikatoka kapa. Tena joto lile lingekuwa la fusheni tuijuayo, nyutroni, chembe za ndani ya kiini cha atomu, zingemiminika hata kuwaua waliosimama karibu. Mbona walikuwa wazima? Nassor akasikiliza mpaka mwisho, kisha: "Lakini Khalati, mulichoka."

Kila nikilala nalisikia. Linanichoma kwa sababu naikumbuka miezi ile ya giza Unguja, Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Nassor alikuwa mchanga, tukipokezana kumpepea usiku kucha. Mtoto wa kisiwa kinacholetewa umeme kwa waya wa chini ya bahari, akiambiwa kuwa katika kila atomu 6,400 hivi za hidrojeni ya maji yale moja ni deuteriamu, kuni ya fusheni, kwa nini asitamani?

Jana kanijia na daftari. Yuko kwa Alcubierre, yule mwanafizikia wa Mexico, ambaye mwaka 1994 alionyesha kwa hesabu za Einstein kwamba anga ikibanwa mbele ya chombo na kutanuliwa nyuma yake, chombo kinaweza kuwahi kufika kuliko mwanga uliopita njia ya kawaida. Chini yake Nassor kaandika kwa kalamu nyekundu: "Inataka nishati hasi. Itatoka wapi?"

Nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri! Nilimkumbatia mpaka akaona haya. Alcubierre mwenyewe aliliweka wazi tatizo hilo katika makala yake, na huyu kalishika bila kuambiwa na mtu. Nikamwambia, sasa rudi Utah na jicho hilo hilo. Akafungua ukurasa mpya, akaandika: nyutroni.

Mama bado anakohoa, usiku ndiyo zaidi. Dawa hataki kumeza ila kwa mkono wangu, na Chake Chake wananitaka mwanzo wa mwezi.